Serikali na Raia: Nani Anamdai Nani?

Agosti 2021, wapangaji wengi wa mijini Tanzania Bara walinunua umeme wakashangaa uniti zimepungua. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi huo kodi ya majengo ilikuwa imehamishiwa kwenye LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kwa sheria, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Lakini anayesimama mbele ya mita akibonyeza tarakimu ishirini za tokeni ni mpangaji, na ndiye aliyekatwa. Serikali ikashauri wawili hao wamalizane wenyewe kwenye pango. Anayewajua wenye nyumba wa uswahilini atakisia ni wangapi walimalizana.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Julai, ilikuwa imeanza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha, kutegemea kiasi. Hiyo ilikuja juu ya makato ya kampuni ya simu. Bajeti hiyohiyo iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta. Watu walilalamika hadi Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 ikapunguzwa tena, safari hii ikisambazwa hadi benki. Oktoba mwaka huohuo sehemu ya makato ya benki ikafutwa. Mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Ndani ya miaka miwili mwananchi alibadilishiwa masharti mara nne, huku akikumbushwa wajibu wake wa kizalendo.

Tangu hapo mjadala haujatulia. Vijiweni, redioni na bungeni zinasikika kauli mbili. Ya kwanza inasema maendeleo hayaji bila kodi, basi wananchi walipe. Ya pili inasema wananchi wameshalipa vya kutosha, basi serikali ionyeshe ilichofanya. Kila upande unajiona mdai na kumwona mwenzake mdeni. Mkanganyiko huu hauishii kwenye kodi. Uko shuleni mzazi anapoambiwa elimu ni bila malipo kisha akaombwa mchango wa chakula, na uko kijijini watu wanapobeba mawe ya kujengea zahanati ambayo ilani ya chama iliwaahidi.

Uchambuzi huu unafuata zaidi fedha na huduma, maana hapo ndipo deni linapoweza kuhesabiwa.

## Kodi ilitangulia huduma

Historia inaeleza mengi kuhusu ukaidi wa pande zote mbili. Katika Afrika Mashariki kodi ilifika zamani kabla ya shule na dawa. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, na shabaha yao haikuwa mapato pekee. Asiyekuwa na rupia ilimbidi akafanye kazi shambani kwa mzungu au barabarani kwa serikali, na ndivyo nguvukazi ilivyopatikana. Kodi, kazi za lazima na kilimo cha pamba cha kulazimishwa ndivyo vilivyowachosha Wamatumbi hadi Julai 1905 wakaanzisha Vita vya Maji Maji. Kenya, mwanaharakati Harry Thuku alipaza sauti dhidi ya kipande, kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, na kodi iliyopandishwa. Alipokamatwa Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, risasi zikafyatuliwa, watu zaidi ya ishirini wakafa.

Uhuru uligeuza mambo. Azimio la Arusha la 1967 na sera zilizofuata zilijenga picha ya serikali inayotoa: elimu ya msingi kwa wote, matibabu, maji ya kisima kijijini. Kwa upande wake raia alidaiwa kazi kuliko fedha. Kwa muda picha hiyo ilikuwa ya kweli, mgala muue na haki yake mpe: mamilioni walijifunza kusoma. Lakini vita vya Kagera, bei ya mafuta na uchumi uliodorora viliiacha hazina bila kitu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 likaja neno jipya la uchangiaji gharama. Hospitali zikaanza kutoza, shule zikatoza, na kodi ya maendeleo iliyorudishwa pamoja na serikali za mitaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa inakusanywa kwa mgambo na vizuizi vya barabarani. Vijijini wanaume walilala porini siku za msako. Mwaka 2003 ilifutwa, na hakuna aliyeilia.

Kwa hiyo Mtanzania wa makamo amepitia au kusimuliwa na wazazi wake hali tatu: kodi isiyoambatana na huduma, huduma isiyoambatana na kodi ya moja kwa moja, kisha huduma anayoilipia mlangoni wakati kodi inaendelea kukatwa kwingine. Kila mzee kijiweni ana hali moja kati ya hizo anayoiona ndiyo ya kawaida, na hubishana kwa kuegemea hiyo.

## Katiba ilivyoupanga wajibu

Wengi hudhani Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 imemaliza ugomvi. Haijamaliza, ingawa imesema mengi.

Ibara ya 8 inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kwamba lengo kuu la serikali ni ustawi wao, na kwamba serikali itawajibika kwao. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kufanya kazi na kujipatia elimu. Wajibu wa raia uko mbele kidogo, Ibara ya 25 hadi 28: kufanya kazi halali kwa kujituma, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Kodi haikutajwa kwa jina katika ibara hizo. Inaingia kupitia wajibu wa kutii sheria, na kupitia Ibara ya 138 inayosema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge.

Hadi hapo mizani inaonekana sawa. Tatizo ni mahali ibara zilipowekwa. Ibara ya 8 na ya 11 ziko katika sehemu ya malengo na misingi ya mwelekeo wa serikali, na Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Wajibu wa raia haukufunikwa na kinga hiyo. Raia asipotii sheria ya kodi kuna faini, riba na hata kifungo. Serikali isipoushughulikia ustawi, hakuna jaji wa kuiuliza.

Utetezi wa mpangilio huo upo, na si wa kubeza. Nchi maskini haiwezi kushitakiwa kwa kila kijiji kisicho na daktari. Waandishi wa vifungu hivyo, vilivyoingizwa kwa mabadiliko ya 1984, waliona kuwa malengo ni dira na dira haipelekwi mahakamani. Kenya ilichagua njia nyingine mwaka 2010: Ibara ya 43 ya katiba yake inampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula, maji na elimu, na mahakama zinaweza kuisimamia. Matokeo ya uamuzi huo yataonekana mbele.

## Msimamo wa kwanza: raia atangulie

Watetezi wa msimamo huu wana hesabu upande wao. Kwa miaka mingi mapato ya kodi ya Tanzania yamekuwa takriban asilimia 12 ya pato la taifa, chini ya wastani wa nchi za Afrika. Biashara nyingi hazimo kwenye daftari la mlipakodi. Fundi magari wa Gerezani anaweza kushika fedha nyingi kwa mwezi kuliko mwalimu, ila mwalimu anakatwa kabla mshahara haujamfikia na fundi hajawahi kuandika risiti. Serikali isiyokusanya hukopa, na mkopo ni kodi ya watoto wetu.

Mfano uko karibu. Mwishoni mwa 2021 Tanzania ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa miezi michache kwa kutumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza waliingia pamoja bila kusubiri awamu ya pili. Yalikuwa mafanikio ya wazi. Lakini mkopo huo lazima urudishwe, na dawa ya deni ni kulipa. Walipaji ni haohao ambao leo wanaambiwa madarasa wamepewa.

Tozo nayo ilitetewa kwa hoja hii. Fedha zake zilipelekwa kwenye vituo vya afya vya tarafa, madarasa na barabara za vijijini, na baadhi ya vituo hivyo leo vinafanya upasuaji wa akina mama waliokuwa wakisafirishwa kilomita nyingi kwa pikipiki. Anayesema tozo haikufanya kitu hasemi kweli.

Udhaifu wa msimamo huu ni dhana kwamba wengi hawalipi. Wanalipa. Kila anayenunua sabuni au muda wa maongezi analipa VAT ya asilimia 18 iliyo ndani ya bei. Anayepanda daladala analipia tozo ya mafuta ndani ya nauli, na mkulima anakatwa ushuru wa mazao. Muuza mchicha wa Mwananyamala hana namba ya mlipakodi, na bado hapitishi siku bila kuichangia hazina. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Makato ya tozo yalimwangukia zaidi mtumaji wa kiasi kidogo anayemtumia mama yake kijijini, asiye na njia nyingine ya kupeleka fedha. Uganda ilipotoza asilimia 1 ya miamala ya simu mwaka 2018, pamoja na shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, watu walirudia fedha taslimu na wengine wakajificha nyuma ya VPN. Kiwango cha miamala kikashushwa hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu, na kodi ya mitandao ikafutwa 2021, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kumwambia raia atimize wajibu ni halali, ila uchaguzi wa nani akatwe huifuata simu iliyo karibu na kuliacha jengo kubwa lenye mwanasheria.

## Msimamo wa pili: serikali itangulie

Upande huu unasema imani ndiyo mtaji wa kodi. Raia akiona barabara imekwisha, dawa zipo na fedha zinasomwa hadharani, atalipa. Ushahidi wake mkubwa ni ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zinazotoka kila Aprili zikiwa zimejaa malipo bila hati, miradi iliyolipwa isiyokamilika na mapato yaliyokusanywa yasifikishwe benki. Kwa wiki mbili nchi huzungumza, kisha msimu wa ripoti hupita.

Hata aliyeshika kalamu ya ukaguzi hakuwa salama. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya kulielezea Bunge kuwa dhaifu katika kufuatilia ripoti zake. Novemba mwaka huo aliondoka ofisini na nafasi yake ikajazwa. Mwishoni mwa 2022 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Raia anayesikia habari hiyo kisha akaombwa kuongeza bidii ya kudai risiti ana haki ya kuguna.

Hata hivyo msimamo huu ukipelekwa hadi mwisho unajipinga. Serikali haina shamba lake. Ikitangulia kutoa kabla ya kupokea, fedha itoke kwa mkopeshaji, kwa mfadhili au ardhini. Nchi za Ghuba zilichagua ardhi, na mfano wa Oman, ambako Kiswahili bado kinasikika kwenye nyumba nyingi za Maskati, unafundisha. Kwa miongo mingi Waomani walipata shule, matibabu na ajira serikalini bila kulipa kodi ya mapato. Hilo halikuondoa madai: mwaka 2011 vijana wa Sohar waliandamana wakitaka kazi, na Sultan Qaboos akaahidi nafasi 50,000. Maandamano ya ajira yalirudi Mei 2021, wiki chache baada ya VAT ya asilimia 5 kuanza. Mwaka 2025 ikatolewa amri ya kutoza kodi ya mapato ya watu binafsi kuanzia 2028, asilimia 5 kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, ya kwanza katika Ghuba. Mafuta yaliweza kuahirisha swali la nani anamdai nani kwa nusu karne. Tanzania na Kenya hazina akiba ya kuliahirisha hivyo.

## Msimamo wa tatu: tujenge pamoja

Huu ndio wenye mizizi mirefu zaidi vijijini, na ndio unaopendwa na viongozi kwa sababu una sura ya umoja. Wananchi wanachimba msingi, wanasomba mchanga na mawe, wanafyatua tofali, wanainua boma hadi kwenye lenta. Halmashauri inaleta bati, inapaua, inapiga lipu, inaleta mganga. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, uliegemea mpangilio huu.

Uzuri wake haupingiki. Kijiji kilichobeba tofali kinailinda zahanati, kinajua mifuko mingapi ya saruji iliingia, na fundi akichakachua ataonekana. Harambee ya Kenya ilijenga mamia ya shule za sekondari ambazo Nairobi haikuwa na fedha za kuzijenga. Rwanda imeuwekea wajibu huo siku yake, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, umuganda.

Lakini tembea wilaya yoyote uhesabu maboma. Kuta zimesimama, nyasi zimeota ndani, mvua zimekula tofali za juu, na bati halijaja. Wananchi walitimiza sehemu yao mwaka waliotakiwa, mwenzao hakufika. Hakuna hati waliyosainishiana, hivyo hakuna wa kushitaki. Wakati huohuo aliyeshindwa kutoa mchango wake alitembelewa na mtendaji na mgambo, akachukuliwa kuku au baiskeli. Hapo ndipo upande mmoja wa makubaliano unapoonekana kuwa na meno na mwingine kuwa na maneno.

Kuna ubaya mwingine usiotajwa sana. Mkazi wa mtaa wa kitajiri wa Oysterbay, Dar es Salaam, habebi mawe ya kujengea hospitali. Anayeishi mbali na lami, mwenye kipato cha msimu, ndiye analipa kodi iliyo ndani ya bei na kisha analipa kwa mgongo wake. Michango ya kujitolea ni kodi inayopanda kadiri kipato kinavyoshuka. Kenya harambee iligeuka pia kuwa jukwaa la wanasiasa kumwaga fedha zisizojulikana zilikotoka, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ikawabana, na Julai 2024 Rais William Ruto akawapiga marufuku maofisa wa serikali kuendesha au kuchangia harambee.

Shule zinaonyesha mkanganyiko huu kwa karibu kuliko kitu kingine chochote. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada hadi kidato cha nne: shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, 70,000 kwa wa bweni. Serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Uandikishaji wa darasa la kwanza ukafumuka, madawati yakaisha, na nusu ya kwanza ya 2016 ikawa ya kampeni ya madawati nchi nzima. Wazazi wengi walielewa kuwa wamepumzika kabisa. Ikabidi utoke Waraka Namba 3 wa 2016 kugawa majukumu: sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni vya mzazi.

Chakula ndicho kilichozua balaa. Mtoto wa sekondari ya kata anatembea kilomita tano, anakaa hadi saa tisa bila kula. Mkuu wa shule akiitisha kikao wazazi wakubaliane debe la mahindi na kilo za maharage, anaonekana amerudisha ada kwa mlango wa nyuma. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, akaelekeza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Walimu wakuu wakaogopa, vikao vikafa, na katika shule nyingi sufuria zikainikwa. Lengo lilikuwa kumlinda mzazi maskini dhidi ya mtoto wake kufukuzwa shule, na ni lengo jema. Gharama yake ililipwa na mtoto huyohuyo kwa njaa. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari ilipangwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya chaki na karatasi ikiwa nyingine kabisa, na sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu. Haikuwa na nafasi ya uji.

## Msimamo wa nne: twende mahakamani

Wanasheria husema: wajibu usiodaiwa mahakamani ni hisani. Andika haki, mpe raia mlango wa mahakama, serikali itajirekebisha.

Kenya ndiyo maabara ya karibu. Ibara ya 201 ya katiba yake inadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika fedha, na mahakama zimeitumia. Makato ya asilimia 1.5 ya nyumba nafuu yaliangushwa na Mahakama Kuu Novemba 2023, yakarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairudishia uhai Oktoba. Katikati ya kesi hizo kulikuwa na Muswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kukusanya shilingi za Kenya bilioni 346 za ziada, kwa hatua zikiwemo VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliusoma kwenye simu, wakaufafanua kifungu kwa kifungu mitandaoni kwa Kiswahili, Sheng na lugha za makwao. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni na wengine wakapigwa risasi. Kesho yake Rais akakataa kuusaini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu makumi ya waliouawa katika maandamano ya majira yale. Mahakama zilikuwa zinasonga kwa miezi, mtaa ulimaliza kwa wiki, kwa damu.

Hukumu pia haijijengei nyumba. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimpa ushindi Irene Grootboom na wenzake kuhusu haki ya makazi, kesi inayofundishwa vyuo vikuu duniani kote. Alifariki 2008 akiwa bado anaishi kibandani. Tanzania, Mahakama Kuu iliamua 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja. Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Miaka mitano baadaye sheria ilikuwa bado haijarekebishwa. Raia anayechelewesha ritani ya kodi kwa mwezi anaandikiwa adhabu.

Na Tanzania mlango wenyewe ulibanwa. Ibara ya 26(2) inamruhusu mtu yeyote kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, lakini marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kuwa yeye binafsi ameathirika. Kesi ya kutetea kijiji kizima ikawa ngumu kuifungua.

## Mizani inaelemea wapi

Ukiziweka hoja hizi pamoja, swali la nani atangulie linaonekana kuwa limeulizwa vibaya. Raia alishatangulia. Mshahara hukatwa kabla haujafika, kodi ya jengo hukatwa kabla taa haijawaka, tozo ya mafuta hukatwa kabla basi halijaondoka stendi. Kwa kifupi, raia amefungiwa mita, serikali haijafungiwa. Kinachokosekana ni njia ya upande wa pili kukusanya deni lake.

Sanduku la kura lilipaswa kuwa njia hiyo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 ulifanyika bila chama kikuu cha upinzani, Chadema, ukaandamana na ghasia, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Kwa hali hiyo, kumwambia mwananchi asubiri miaka mitano aadhibu kwa kura ni kumpa hundi ya benki iliyofungwa.

Je, tozo zifungiwe kazi maalumu, kila shilingi ijulikane iendako? Hilo huongeza imani, ila hukaza bajeti: likitokea gonjwa au mafuriko, fedha zipo na hazigusiki. Je, Ibara ya 7(2) ifutwe? Ingempa raia meno, na ingewapa majaji kazi ya kupanga bajeti ambayo hawakuchaguliwa kuifanya. Bado, kwa maoni ya uchambuzi huu, hasara hiyo ni ndogo kuliko ya sasa, maana jaji anaweza kuiuliza serikali sababu bila kuiandikia bajeti, kama ilivyofanyika Afrika Kusini. Kuulizwa sababu hadharani ndiko serikali nyingi zinakokuogopa kuliko hukumu yenyewe.

Lakini sehemu ya kuanzia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji sheria mpya. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, na utaratibu unautaka uitwe kila miezi mitatu na usomewe mapato na matumizi. Halmashauri zinatakiwa pia kurudisha vijijini asilimia 20 ya fidia ya vyanzo vya mapato vilivyofutwa, na ripoti za CAG zimetaja mara kwa mara zisizofanya hivyo. Mikutano inapofanyika kweli, michango huja bila mgambo, kwa sababu watu wamemwona mtendaji akihesabu mbele yao. Isipofanyika, mwenyekiti husaini muhtasari wa kikao kisichokuwapo na mambo yanaendelea. Wazazi wa shule isiyo na uji wangeweza kuamua debe lao la mahindi hapohapo, kwa kumbukumbu iliyosainiwa, bila mwalimu kutuhumiwa na bila mtoto kufukuzwa.

Juu ya ngazi ya kijiji kazi ni nzito zaidi. Rasimu ya katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza wapigakura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Bunge Maalumu la Katiba likakiondoa kifungu hicho katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014. Kura ya maoni ya wananchi kuhusu katiba hiyo ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na hadi leo haijafanyika.